Jina la Kazi

Manispaa ya Taal imeleta fomu.
Kila akandaye watu kwa malipo aandikishwe
kabla Septemba haijaisha, picha mbili, ada peso mia mbili.
Bibi hasomi bila miwani, na miwani aliikalia juzi,
basi kalamu nimeshika mimi.

Kazi. Nikaandika: masaji.
Futa, akasema.
Hilo neno la hotelini, lina pazia na taa nyekundu,
wanaume wakilitamka huchekea puani.

Nikafuta. Karatasi ikachubuka.

Tuseme nini basi?
Akanyoosha mikono juu ya meza
kama mtu mbele ya unga usiokuwapo.
Kuchua, akasema, ni kwa kiganja,
kuufuata msuli unakokwenda
kama unavyomfuata mtoto aliyenuna: nyuma yake, usimwite.
Kubinya ni kwa vidole, na ni swali.
Kutomasa ni swali lilelile kwa sauti ya chini,
tumboni, kwa mwanamke ambaye bado hajamwambia mumewe.
Kukanda ndiyo kazi yenyewe, uzito wa bega zima,
lakini ongeza silabi mbili tu, ukandamize,
umeshakuwa serikali.

Na kupapasa?
Kupapasa ni kwa asiyejua anachotafuta.
Akanitazama. Nikarudi kwenye fomu.

Maradhi unayotibu.
Andika baridi.
Baridi gani, Bibi, na jasho linadondokea karatasi?
Lakini ndivyo tunavyoyaita hapa mafundo ya mgongoni:
lamig, baridi,
hata mwezi wa Aprili, hata kwa mwokaji mikate.
Nimemwona akilivuta jani la mgomba, limelowa mafuta ya nazi,
juu ya mgongo wa Benilda mdarizi,
ambaye miaka kumi na minane ameinamia
nguo za harusi za watu wengine.
Jani linateleza, linateleza,
likifika chini ya bega la kushoto linanata.
Benilda husema: baridi.
Bibi husema: deni la cherehani.
Sikujua lipi niandike. Nikaandika yote mawili,
nafasi ikaisha.

Ofisini, karani Crisanto Atienza
akaisoma fomu kwa ncha ya kalamu.
Manghihilot, akasema. Neno hili lina maana mbili, mama.
Kuna kukanda, kuna kuzalisha.
Mfumo unakubali moja.

Bibi hakujibu. Akaizunguka meza polepole,
nyonga yake ikagonga kabati la mafaili,
akaweka dole gumba kwenye mtulinga wa karani,
juu ya shati, pale palipo na kijinundu
ambacho mshonaji wake lazima anakijua.
Hapa, akasema, palivunjika ulipokuwa unatoka.
Ulikuwa mnene, na mama yako mwembamba.
Nilikutoa alfajiri, nikakukanda siku arobaini.
Sasa niambie niliacha lini kazi moja
nikaanza nyingine.

Foleni nyuma yetu ilinyamaza.
Mtu mmoja alikohoa.
Crisanto akautafuta muhuri, ulikuwa mbele yake.
Kwenye nafasi ya kazi pamebaki mchubuko wa kifutio changu
na alama ya mafuta, duara, yenye mistari,
ambayo hakuna aliyeiomba.

Njiani aliniambia yule kijana bado anabeba begi
upande usiofaa.
Hakusema kingine.

Nyumbani Benilda alikuwa anangoja barazani
na jani lake mwenyewe, amelikunja kama gazeti.
Saa nzima. Kisha nikamletea Bibi maji, akayakataa:
mikono iliyotoka kwenye kazi ina moto,
ukiimwagia maji inaingia pasma, itatetemeka uzeeni.
Ana miaka themanini na moja.
Sikumuuliza uzee wenyewe utaanza lini.
Akaiweka mikono mapajani, viganja juu,
kama vyombo vinavyokaushwa,
na hataigusisha maji mpaka kesho.

Kwa hiyo samaki nimepara mimi.