Mshika Kopo

Kazi yangu ilikuwa kopo.
Si kamera, si kamba, si helikopta. Kopo.
Aprili, milima ya Lyngen, kaskazini kabisa ya Norwei,
niliamka saa tisa usiku nikute tayari kunapambazuka,
nikapakia makopo ishirini na manne kwenye sanduku la barafu
kana kwamba theluji yote ile haitoshi kuyapoza.

Kileleni niliyafuta kwa kitambaa cha miwani,
nikafungua moja la kunywewa, nikamwaga:
utamu wa manjano ukatoboa shimo kwenye weupe,
nikafukia shimo kwa buti, nikajaza maji.
Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Mimi hakunisifu mtu, na nikalitia vilevile.

Halvard hakuwahi kuonja.
"Moyo wangu una mdundo wake," aliniambia,
"sitaki ngoma ya pili juu yake."
Kisha alitabasamu kwa lenzi, akainua maji yangu,
kidole gumba mbali na nembo, kama mkataba ulivyotaka,
akashusha miwani yake ya theluji.
Ule mlio, *tsss*, ambao baadaye uliwasisimua vijana,
tuliurekodi Oslo, chumbani mwenye mazulia ukutani,
mara arubaini na moja.

Nisiwe mnafiki.
Kabla ya kopo, Halvard alikuwa fundi bomba Storslett,
akiteleza Jumapili kwa skii za kuazima.
Kopo ndilo lililoezeka upya nyumba ya mamake.
Kopo lilinilipia meno.
Mlima ni mzuri, lakini mlima haumlipi mtu;
niliwahi kuutazama kwa saa nzima nikisubiri mawingu yapite,
haukunipa hata senti.

Siku ya sita, zamu ya tatu, ukingo uliokatika.
Sikusikia kishindo. Niliona tu mteremko mzima
ukikunjamana kama shuka inayovutwa kitandani,
na doa jekundu, kofia yake,
likizama, likiibuka, likizama.

Redioni sauti ya Leopold, wa idara ya masoko,
aliyekuwa hotelini bondeni na chai yake:
"Anapumua?"
Anapumua. Paja limevunjika, lakini anapumua.
"Na kofia? Ilionekana?"
Kati ya swali la kwanza na la pili palipita pumzi moja.
Si mtu mbaya, Leopold. Alilia hospitalini, nilimwona.
Ila ile pumzi nimeipima mara nyingi usiku,
na kila nikiipima
naikuta fupi kuliko jana.

Anguko ndilo lililobeba filamu.
Walilipunguza mwendo hadi chembe za theluji zikahesabika,
nembo ikaogelea katikati ya maangamizi, safi,
haikukwaruzwa.

Tromsø, usiku wa uzinduzi. Kopo kwenye kila kiti, bure.
Borghild, mamake, mpishi wa shule,
alikaa safu ya pili na lake mapajani,
nembo ameielekeza tumboni,
na kila mwanawe alipoanguka kwenye kitambaa kile kikubwa
aliligandamiza kidogo, likalia *kop*,
likarudi, *kop*, peke yake gizani.

Kisha taa, makofi, Halvard kwenye magongo.
Nilipanda jukwaani kwa kunyata, nikamtia kopo mkononi,
nikaligeuza kwa vidole viwili liwatazame watu.
Mazoea.
Akaliinua. Ukumbi ukainua yake, mia sita kwa pamoja.
Akanywa, mafunda matatu marefu, kama mtu wa filamu,
na kwenye funda la tatu nikaona shingo yake ikisita,
macho yakinitafuta pembeni ya pazia:
lile moja
nilisahau kulimwaga.