Haba Moja

Profesa Iturbe anachora duara ubaoni
na ndani yake anaandika: KAYA.
Moja. Haina jina, haina mlango wa uani.
Inaishi milele, haiugui, haisahau,
kila asubuhi inaipima leo kwa mizani ya kesho
na kesho kwa mizani ya siku zote zijazo.
Madirisha yako wazi kwa joto la Tucumán,
na moshi wa mashamba ya miwa unaingia darasani
kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Zamani," anasema, "tulilitazama taifa kutoka paani.
Tuliona vichwa tu, tukahesabu vichwa,
tukachora mistari, serikali ikaishika mistari hiyo.
Wale vichwa wakajua tunachofanya.
Wakageuka njia. Mistari ikakatika.
Basi sasa tunaanzia chini:
mtu, anachotaka, anachoweza."

Naandika mpaka kiganja kinauma.
Subira ya kaya ni herufi ya Kigiriki,
thamani yake sifuri nukta tisa tisa.
Subira huvuta heri;
hapa ubaoni huvuta riba.

Jioni namkuta shangazi Eduvigis dukani,
kifutio mkononi. Bei ya sukari
ameifuta mara tatu tangu Jumatatu,
karatasi imetoboka.
"Leo wamekufundisha nini?"
Namwambia: anayetarajia bei kupanda kesho
hununua leo.
Anayainua macho kwenye rafu ya juu,
makopo ya samaki yamepangwa hadi dari,
aliyanunua yote siku pesa zilipoingia,
kabla ya saa sita mchana.
Ananirudishia macho.
"Na kwa hilo mnasoma miaka mitano?"

Nacheka. Simwambii kwamba mlinganyo ule
uliojaza ubao mzima, kona hadi kona,
ni yeye, akipanda ngazi na kopo kwapani.

Lakini chini ya mizani kuna daftari.
Zulma, mjane: mchele, mafuta, betri mbili.
Abundio wa baiskeli: mkate. Mkate. Mkate.
Deni la Machi hulipwa Juni
kwa noti zilizokwisha nyauka,
na shangazi, ambaye hakosei hesabu hata ya kiberiti,
anapokea bei ya Machi.
"Kwa nini?"
"Kwa sababu Zulma alikula Machi."

Usiku nafungua vitabu.
Katika uchumi wa profesa hakuna anayemdai mwenzake:
deni la huyu ni mali ya yule,
na huyu akiwa ndiye yule, jumla ni sifuri,
daftari la shangazi ni jeupe toka jalada hadi jalada.
Haba na haba hujaza kibaba, nakubali,
ila profesa anayo haba moja tu,
ameizidisha kwa mamilioni
na kukiita kibaba kimejaa.

Najaribu kuweka kaya mbili.
Naiita moja Z, nyingine E.
E nampa subira zaidi, kisha nafuta,
maana si subira ile, na herufi yake siijui.
Milinganyo inavuka ukurasa, inaingia wa pili,
haitaki kufunga.
Saa nane umeme unakatika.

Nakaa gizani na penseli iliyokufa ncha.
Nimeacha nafasi wazi mahali pa bei ya Machi.
Labda nitamuuliza profesa.
Labda nisimuulize: mtihani ni Alhamisi,
na mtihani una kaya moja.