Glovu za Mize

Kanda ya mwaka tisini na tisa. Lebo kwa kalamu ya bluu:
MIZE, KITUO CHA BASI, COVENTRY.
Sekunde arobaini na moja.
Nimeipitisha kwenye kompyuta mara sita tangu Ijumaa
na mara zote sita glovu imetoka na meno.

Si mkono. Mkono uko sawa.
Ni wekundu wake, umechanika ukingoni kama kitana:
mstari mwekundu, mstari wa kijivu, mwekundu, kijivu,
kila dada anapopunga.

Nje mvua ya hapa, ile isiyonyesha wala kukatika.

Kamera ile haikupiga picha nzima.
Ilichukua mistari ya shufwa, ikapepesa,
ikachukua ya witiri
baada ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde,
na Mize hakungoja.

Kwa mwangaza, kila nukta ina sahani yake.
Kwa rangi, nukta nne sinia moja.
Ubahili wa zamani: jicho halitambui, nani atalalamika?
Nami nikaiambia programu, hii ni picha moja, funga.
Ikachota rangi ya mistari ya sasa
ikailisha mistari ya punde.

Mkono umeshafika. Wekundu uko njiani.

"Hazikuwa nyekundu," Mama anasema kutoka sebuleni.
"Damu ya mzee. Nilizinunua mimi,
pauni mbili, moja ina tundu."

Mara ya saba nikazitenga:
shufwa kwao, witiri kwao,
kila kundi na sinia lake kabla ya kukutanishwa,
nikaandika wazi: mistari imepishana, shufwa itangulie.
Nikaosha vyombo faili likijipika.

Glovu ikatoka nzima.
Inapunga, na rangi inapunga nayo.

Mama akaja na miwani.
"Ndiyo. Lakini rangi bado si yenyewe."
Nikamwambia ile iliyobanwa siku ile
haipo kokote, siwezi kuiomba.
Akanitazama kama fundi aliyekataa ujira.

Basi la Dundee linaondoka. Sekunde ya arobaini.
"Rudisha kidogo."
Narudisha.
"Tena."
Haangalii glovu.
Pembeni kabisa mwa picha, nusu ya bega
ndani ya koti la kuazima,
amesimama yeye, hapungi.