Saa Sita Tu

Duka langu lipo Gongoni, kati ya fundi cherehani
na mama anayeuza asali kwenye chupa za dawa ya kikohozi.
Riwaya moja, usiku mmoja, shilingi mia tano.
Ukikunja kurasa, tunagombana.

Zinazotoka sana siku hizi ni za watu wanaorudi nyuma.
Mhasibu anafungua kabati, anatokea enzi za Wajerumani,
anampenda mpagazi mwenye kovu shavuni,
anamuuguza ndui, kisha anarudi nyumbani
na ujauzito ambao kliniki inashindwa kuuhesabu wiki.
Wanafunzi wa uuguzi wanazililia hizi.
Mimi pia nimezililia, nisiseme uongo,
jalada nimelifunika gazeti
mteja asijue mwenye duka anasoma nini.

Ila waandishi hawa wana matumizi mabaya.
Miaka mia na ishirini kwa busu moja!
Mimi, Nyamizi binti Kasanda,
ningepewa hilo kabati
nisingegusa karne ya mtu.
Ningeomba saa sita.
Saa sita tu, na chenji ningerudisha.

Luhende alikuwa mtu wa reli.
Walimfundisha kuianza siku usiku wa manane,
kana kwamba jua halihusiki.
Akaniandikia: Ijumaa, stesheni, saa 2 usiku,
uje na begi, tunapanda la Kigoma.

Nikaenda saa mbili, ile ya kwetu,
taa zimewashwa punde, karanga bado za moto.
Nikakaa. Saa tatu. Saa nne.
Wakapanga mabehewa ya mizigo,
chuma kikilia kama mtu anayeng'olewa jino.
Saa tano nikabeba begi na aibu, nikarudi Isevya
kabla baba hajasikia komeo.

Na saa nane, ile mbili yao,
Luhende akafika na tiketi mkononi, mbili.
Akakaa benchi lilelile.
Nadhani mbao zilikuwa bado na joto langu.
Ilikuwa Juni, najua, mbao hazishiki joto hivyo,
lakini hilo niachieni.

Kuli mmoja ndiye aliyeniambia, mwaka uliofuata:
"Yule kijana wako alikesha."
Mahari ilikuwa imeshapokelewa,
ng'ombe kumi na mmoja, mmoja anachechemea.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema.
Sina la kusahihisha kwake.
Hapo ndipo riwaya hizi zinaponitisha:
unarudi kufunga kifungo kimoja tu
na shati zima linahama mwilini,
na wanangu watatu wamo ndani ya shati hilo.

Jumatatu binti wa sekondari akarudisha kitabu
alichomwazimia babu yake, mgeni, kahamia Cheyo juzijuzi.
Ukurasa wa themanini na nane,
pale shujaa anapoandika "tukutane saa 2",
pembeni pana penseli:
Saa 2 ya nani?

Hiyo mbili, yenye mkia mrefu kama wa mjusi,
nimewahi kulala nayo chini ya mto.

Sikufuta. Mteja mmoja aliita hodi mara mbili,
nikamwambia tumefunga, mlango ukiwa wazi.
Halafu nikachonga penseli yangu, nikaandika chini yake:
Zote. Ijumaa.
Binti akaja Jumatano, nikampa kitabu kilekile.
"Babu ameshakisoma hiki," akasema.
"Hajakimaliza," nikasema. Sikumtoza hela.

Leo nimefunga duka mapema.
Chupa ya chai, blanketi, karanga za mia tano.
Saa mbili kasoro, benchi limebadilishwa, sasa ni la chuma,
linachoma ubaridi hadi kwenye kitenge.
Mlinzi akanimulika tochi.
"Mama, treni ni saa nane. Utakaa saa sita zote hizo?"

Nikasogea, nikapanga vikombe.
Viwili.