Doa

Miaka arobaini na mitatu nimelifuta vumbi hili.
Nimelifuta dirishani kabla ya chai,
kwenye majani ya mzabibu, jani kwa jani,
kwenye masikio ya watoto, kwenye picha ya harusi,
na jioni likarudi bila haya,
kama mdeni aliyesahau kuwa anadaiwa.

Basi Lamara, binti wa Guram, akabisha hodi
na kopo la jemu lililooshwa likang'aa.
"Shangazi Tsiala, naomba vumbi."

Nikadhani amepungukiwa.
Kasomea uchoraji Tbilisi miaka sita,
mamaye akauza ng'ombe wawili wakageuka brashi,
na sasa anakuja kuomba kitu
ambacho hata jalala letu limekichoka.

"Rangi ya dukani haijui chochote," akasema.
"Hutoka kiwandani imenyamaza.
Hili limepita mapafuni mwa baba."

Sikumjibu.
Nilimpa kitambaa cha dirishani, hakijafuliwa.
Akakipokea kwa mikono miwili.

Kisha akataka mashuka.
Si mapya: yaliyolaliwa, yaliyochakaa,
yenye mshono wa mkono wa mtu.
Akayaanika kwenye kamba, roshani hadi roshani,
ghorofa ya nne, juu ya mto uendao mweusi,
akayaacha. Oktoba. Novemba. Theluji.
Vibehewa vya madini vikapita juu yake kwenye waya,
vikidondosha punje, na punje nyingine,
na upepo wa bondeni ukashika kazi.
Majirani wakasema, mvivu huyo, hata kuanua hawezi.
Nami nilisema. Sitakana.

Alikuwa amekata karatasi, akazibana kwa vibanio:
umbo la kofia ya mchimbaji, la glasi, la kiganja.
Machi akazibandua.
Palipozibwa palibaki peupe.
Yaani alichora kwa kuzuia,
na mchoraji hasa ni lile lile
tulilokuwa tukilifukuza kwa fagio.

Kwamba mfinyanzi hulia gaeni, hilo nalijua.
Sikujua kwamba gae nalo huwekewa taa.

Juni wakanipandisha basi, nimevaa viatu vya msibani.
Tbilisi. Ukuta mweupe kama wa hospitali.
Na pale katikati, shuka langu.
Nililitambua kwa kiraka, pembe ya kushoto,
uzi wa bluu kwa kuwa mweupe uliniishia
usiku ule Jemali alipokohoa
mpaka shuka likachanika ndani ya ngumi yake.
Jemali hayupo. Kiraka kipo.
Kando yake kibao kidogo, herufi nyembamba:
Manganisi juu ya pamba. Miezi mitano.

Mitano!
Nikacheka, watu wakageuka.

Nikanyoosha kidole, nihisi tu kama uzi umeshika.
Mlinzi, kijana mwenye ndevu za juzi, akanijia mbio:
"Mama, tafadhali, usiguse kazi."
Kazi.
Neno alilitamka sawasawa,
ila hakujua amemwambia nani.

Mnunuzi alikuwa bwana wa Zurich, mrefu, mpole.
Alisimama mbele ya shuka langu
kuliko padri alivyosimama kaburini.
Akamuuliza Lamara habari za ukimya,
habari za wasiokuwepo,
na Lamara akajibu kwa maneno ya chuoni
huku akinitazama mimi.

Nilikuwa na moja tu la kumwambia yule bwana.
Sina lugha yake, nikarudi nalo nyumbani,
nikalibeba njia nzima kama yai:
siku ukichoka nalo, ukataka kulifua,
anza na maji baridi.
Ya moto hulikaza doa,
halitoki tena.