Safu ya Harufu

Jumamosi, duka la dawa likifungwa saa sita,
Nyanjige huvua koti jeupe,
huvaa raba zenye tope la wiki iliyopita,
nami hubeba chupa ya chai. Ndiyo kazi yangu.
Boti hutushusha Saanane kabla injini haijapata moto.

Ana daftari lenye picha ya twiga kwenye jalada,
kalichora safu kwa rula:
Tarehe. Mahali. Rangi. Harufu.
Vipepeo wa njano, wadogo kama kucha: ishirini na watatu,
wote juu ya kinyesi cha swala.
"Andika," akaniambia. Nikaandika: kinyesi.
Mimi nilikuja na picha nyingine kichwani,
bawa na ua, kama kwenye kalenda za benki.

Mmoja wa bluu alitua kwenye kola yangu,
akafyonza chumvi ya jasho, hana haraka,
nikageuka jiwe katikati ya mawe.
Pimbi walinikagua kama mpangaji mpya.

Ndipo akanishika mkono.
Juu ya mkuyu, pale tawi linapogawanyika,
okidi.
Mizizi ya kijivu imekumbatia gome, haikuomba udongo,
maua saba meupe, kila moja na mkia mwembamba
mrefu kuliko kidole changu cha kati.
Tulitazama hadi shingo zikauma.
Vipepeo walipita chini, juu, pembeni.
Hakuna aliyebisha hodi.
Nyanjige akapanda jiwe, akavuta pumzi,
akavuta tena.
"Halinuki kitu," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Masalu, askari wa hifadhi, alicheka kwa adabu.
"Hilo mchana limelala. Usiku, nikiwa zamu,
nalisikia hadi gatini.
Mgeni wake ni nondo, yule mwenye ulimi mrefu.
Si hawa walevi wa mavi."

Na boti ya mwisho ni saa kumi na moja na nusu.

Jua lilikuwa bado kali juu ya Kapripointi
tulipogeuka kutazama: mawe, mnandi wakianika mabawa,
mkuyu ambao tayari sikuweza kuuchagua kati ya miti.
Nyanjige aliandikia magotini, maji yakirukia karatasi.
Tarehe. Mahali. Nyeupe.
Safu ya mwisho akaiacha wazi,
akafunga daftari,
akalifungua tena,
na kwa penseli, herufi ndogo kabisa:
aulizwe nondo.