Asilimia Sita

Ufunguo tuliachiwa kwa jirani, muuza samaki,
pamoja na onyo: mlango huvimba mvua ikinyesha.
Na hapa Llanelli ni lini haikunyesha?
Cerith aliusukuma kwa bega, tukaingia
nyumbani kwa marehemu Bi Olwen Treharne
na magunia manne ya rangi nne,
toroli, bisibisi, na fomu ya bosi wetu Ifor:
chuma, mbao, nguo, kioo,
na chini kabisa, kwa wino mwekundu, moto.

Mwanawe alipiga simu kutoka Kanada.
"Tupeni vyote," alisema, "sitaki hata kijiko."
Sikumlaumu. Kuna watu huogopa vijiko.

Tulianza ghorofani, tukateremka.
Godoro: springi huku, sponji kule.
Mapazia kwa akina mama wa kanisa la kona
wanaoyageuza mifuko ya sokoni.
Makopo ya rangi yaliyoota utando kama uji uliopoa.
Friji tuliibeba wima, polepole, kama mjamzito,
maana gesi yake ikitoroka
hairudi kwa kuombwa radhi.

Shuka zake zilikuwa na mshono katikati.
Zilipochakaa mgongoni alizipasua urefu,
akaunganisha kingo kwa kingo,
palipochoka pakaenda pembeni kupumzika.
Wasemao la kuvunda halina ubani
hawakuuona uzi wake.

Kisha Cerith akapindua kiti
na kuniita kama mtu aliyekanyaga msumari.
Chini ya kiti, kwa penseli:
Mguu mpya. Mbao ya uzio wa Dai. 1971.
Tukapindua cha pili: Gundi tena, wiki ya Pasaka.
Uvungu wa meza: Droo hii alilala Rhodri, miezi mitatu.
Mgongo wa kabati: Bawaba za mlango wa mgodi,
mgodi ulipofungwa nasi tukabaki na njaa.

Nilitazama fulana yangu ya kijani,
maandishi kifuani: TUNAOKOA KILA KITU.
Mafunzo ya siku mbili, cheti, chai na biskuti.
Tulikuwa tumechelewa miaka hamsini.

Ikabaki piano.
Nilipigia shule tatu. Ya tatu walicheka.
Siku hizi piano hutolewa bure
na bure yenyewe haina mpokeaji.
Basi nikapiga magoti na ufunguo wa kulegezea,
uzi mmoja baada ya mwingine, bila haraka,
kwani ukizifungua kwa pupa fremu hupasuka.
Kila uzi uliguna ukishuka,
ukazidi kushuka, hadi ukanyamaza.
Saa mbili na nusu za kuzima sauti
ambazo sikuwahi kuzisikia zikiimba.

Nyundo kadhaa zilivishwa sufu ya kijani.
Niliijua: koti la kijani, pichani ukutani,
yeye ufukweni, upepo, mkono kichwani kushika kofia.
Na kwenye ubao wa ndani kabisa, penseli ileile:
Sauti ya chini haiponi. Nimejaribu mara tatu.

Sikuijaribu. Nyuzi nilikwisha kuzilegeza.

Kwenye mizani ya jalala Ifor alipiga hesabu
akafurahi: asilimia tisini na nne.
Sita zilienda motoni: sponji, zulia lenye ukungu,
vumbi, na sijui nini kingine,
maana kwa uzito wake ilipasa kuwa kitu.
Nyundo moja ilipungua. "Panya," nikasema.
Panya wa Llanelli wamesingiziwa mengi.

Viti tulivipakia miguu juu
kwenda kwenye makazi ya wanawake waliokimbia waume zao,
maandishi yakitazama mbingu.
Mvua ikaanza kabla ya daraja.
Cerith aliegesha lori pasiporuhusiwa,
honi zikilia nyuma yetu,
akapanda na turubai.

"Penseli haifutiki kwa maji," nilimwambia.
"Najua," alisema,
akaendelea kufunga kamba.